Kitochi kinasikika stendi nzima, smatifoni inanong'ona

SWALI: Fundi, assalaam alaykum. Mimi nauza chai na chapati stendi ya Kange, Tanga. Nina smatifoni, sasa inaingia mwaka wa tatu. Zamani ilikuwa inalia vizuri, siku hizi madereva wananipigia kuagiza chai nami sisikii, wanahamia kwa mwenzangu. Voisi za binti yangu aliyeko chuo Dodoma ndiyo usiseme, hadi niibandike simu sikioni. Mwanangu wa kiume kaniwekea programu mbili za kukuza sauti. Ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili sauti imeongezeka kidogo ila inakwaruza kama redio iliyotoka kwenye stesheni. Jirani yangu anasema tuchokoe matundu kwa sindano halafu tumimine spiriti. Na kinachoniuma zaidi, mume wangu ana kitochi cha bei ya kuku wawili, kikilia stendi nzima inajua. Nifanye nini bila kununua simu nyingine?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Sindano irudi kwenye vifaa vya kushonea, na spiriti mrudishie mwenyewe. Programu ya pili iondoe leo, ya kwanza iifuate. Sababu nitakupa huko mbele, kwa sasa zitoke tu.

Nilivyokusoma, una matatizo mawili yaliyokutana kwenye simu moja. La voisi ni lake na la mlio ni lake, na dawa zake hazifanani.

La voisi umelijibu mwenyewe bila kujua, uliposema "hadi niibandike simu sikioni". Simu yako ina spika mbili. Moja iko juu, ile unayoitegea sikio mtu akikupigia. Nyingine iko chini karibu na tundu la chaji, na hiyo ndiyo inayotoa mlio na muziki. Sasa WhatsApp ina tabia moja: ukiwa unasikiliza voisi ukapeleka simu sikioni, sauti inahama spika ya chini inakwenda ya juu, ili jirani asifaidi mambo yenu. Inajuaje kwamba simu iko sikioni? Kuna sensa sehemu ya juu ya kioo, inayoangalia kama kuna kitu kimesogea mbele yake. Sensa hiyo ikizibwa na alama ya kidole chenye mafuta, au unga, au protekta iliyobandikwa kombo, simu inaamini iko shavuni muda wote. Voisi inaanza vizuri kwa kitambo kidogo, kioo kinazima ghafla, sauti inapanda juu, unabaki na mnong'ono. Ukiibandika sikioni unasikia vizuri, kwa sababu hapo ndipo ilipohamia!

Jipime hivi. Mwambie mtu akupigie, pokea, kisha funika sehemu ya juu ya kioo kwa kiganja na uondoe. Kioo kinatakiwa kuzima ukifunika na kuwaka ukiondoa. Kikibaki giza umeshampata mwizi. Futa sehemu hiyo kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, halafu kikavu. Ikigoma, bandua protekta ujaribu bila hiyo. Nimeshapokea simu nyingi za "hakuna sauti kwenye voisi" zilizopona kwa kitambaa tu, mwenyewe akaondoka bila kulipa, na mimi nikabaki nimefurahi nusu.

Ukiwa bado hapo kwenye voisi, cheza moja ndefu, na wakati inaendelea kusema ndipo ubonyeze kitufe cha kuongezea sauti. Wakati inasema, siyo kabla. Simu za Android zina vipimo kadhaa vya sauti vilivyotengana: cha mlio, cha mazungumzo ya simu, cha muziki na video, cha kengele ya kuamkia. Kimoja kinaweza kuwa juu kabisa na kingine kimelala sakafuni. Watu wanapandisha cha muziki halafu wanashangaa mlio haujabadilika. Ukibonyeza kitufe, kialama kidogo kinatokea pembeni ya kioo chenye vidoti au alama ya mipangilio. Kiguse, vitafunguka vyote, pandisha kimoja kimoja. Hapo hapo hakikisha "Usinisumbue" haijawashwa, na angalia Bluetooth. Kama mwanao aliwahi kuiunganisha simu yako na subufa ya kibandani, kila subufa ikiwashwa muziki na voisi zako zinaweza kwenda kuimba huko.

Sasa mlio wenyewe, na hapa ndipo penye kazi.

Wewe unafanya kazi kati ya unga, mafuta na mvuke. Geuza simu utazame ukingo wa chini. Kuna tundu la chaji, na pembeni yake vitundu vidogo vilivyojipanga. Nyuma ya vile vitundu kuna wavu mwembamba, na nyuma ya wavu ndiko iliko spika. Unga unaingia kwenye vitundu ukiwa mkavu, hauna neno. Unakutana na mvuke wa chai, unakuwa uji. Uji unakauka, unakuwa saruji. Miaka miwili ya shughuli hiyo, spika yako inaimba nyuma ya ukuta. Tena mlio mkali ndio unaoumia zaidi kwenye kuziba huku, na kwa kazi yako mlio mkali ndio unaouhitaji.

(Kama vitundu viko pande mbili za tundu la chaji, usishtuke ukikuta upande mmoja hautoi sauti. Kwenye simu nyingi upande mmoja ni spika na mwingine ni maiki. Kuna jamaa alikaribia kunipeleka polisi akidai nimemlia spika moja.)

Namna ya kusafisha. Tafuta mswaki mpya, ule laini wa watoto, mkavu. Toa kava, zima simu. Ishike vitundu vikiangalia chini, ili kinachotoka kianguke chini kisirudi ndani, kisha piga mswaki kwa kulaza, ukienda kushoto na kulia, kama unayepangusa vumbi kwenye picha ya ukutani. Usidunge. Fanya dakika mbili tatu. Halafu chukua soloteki, kata kipande, kibandike juu ya vitundu, kandamiza kwa ncha ya kidole, bandua. Tazama upande wa gundi: utaona vidoti vyeupe na vya rangi ya kahawia vimejipanga sawasawa kama vitundu vyenyewe. Kata kipande kingine, rudia. Endelea mpaka soloteki itoke safi. Watu hawaamini mpaka waione ile ya kwanza.

Kama kuna mafuta yaliyoganda, mswaki mkavu hautoshi. Hapo spiriti ina nafasi yake, ila kwa kipimo: lowesha ncha ya mswaki, ipanguse kwenye kitambaa mpaka isitone, ndipo upitishe juu ya wavu mara mbili tatu. Acha simu ikiwa imezimwa, vitundu chini, hadi ikauke. Kumimina ni jambo jingine kabisa. Spiriti inapita kwenye wavu inakwenda kukutana na gundi iliyoshika kiwambo cha spika, na gundi ikilegea huna spika tena.

Na hicho kiwambo nikueleze, maana ndicho jirani yako anataka kukichoma. Ndani ya spika kuna sumaku, kuna koili ya waya mwembamba sana, na koili imegandishwa kwenye kiwambo. Umeme wa sauti ukipita kwenye koili, sumaku inaivuta na kuisukuma, kiwambo kinatikisika, hewa inatikisika, wewe unasikia. Mpango huu ulielezwa na wahandisi wawili wa Marekani, Rice na Kellogg, mwaka 1925, na spika ya simu yako bado inaufuata. Kilichobadilika ni ukubwa. Kiwambo cha simu ni chembamba kama ule mfuko wa rambo tuliopigwa marufuku 2019. Sindano ikipita wavu imeshakifikia. Najua kwa sababu nilipokuwa najifunza kazi niliwahi kusafisha spika ya mteja kwa sindano, kwa uangalifu mkubwa kabisa, ulimi nje. Ilitoka ikilia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibiriti, na spika mpya ikatoka mfukoni mwangu.

Kitu kingine kinachofanyika sana stendi ni kumpelekea fundi pancha aipulize kwa kompresa. Hewa ile imetengenezwa kwa ajili ya tairi la basi. Itausukuma uchafu ndani badala ya kuutoa, na inaweza kukipasua kiwambo. Kupuliza kwa mdomo nako ni kuongeza mate kwenye saruji. Na kama karibu na banda lako kuna mafundi wa kuchomea vyuma, simu isikae upande wao. Unga wa chuma unafuata sumaku ya spika wenyewe, hauhitaji kualikwa, na ukifika haung'oki kwa mswaki.

Tuje kwenye programu za kijana. Hakukosea nia, na ile ya pili kweli imeongeza kitu. Tatizo ni inachoongeza. Sauti ndani ya simu ni wimbi lenye vilele na mabonde, na kuna dari ambayo kilele hakiwezi kuipita. Wimbo uliorekodiwa studio tayari vilele vyake vinagusa dari. Programu ikilipandisha wimbi zima, vilele vinagonga dari vinakatwa, vinabaki bapa kama meza. Sikio linausikia ule ubapa kama mkwaruzo. Na wimbi lililokatwa vilele linapitisha umeme mwingi zaidi kwenye koili kwa muda mrefu zaidi, koili inapata joto, gundi inachoka. Kwa hiyo ukishaziondoa, zima simu uwashe, usikilize wimbo unaoujua. Mkwaruzo ukiisha, salama. Ukibaki hata baada ya mswaki, spika imeshaumia.

Hesabu yenyewe haimpendelei mtengeneza programu. Sauti inapimwa kwa desibeli. Ukiipa spika umeme mara mbili ya mwanzo, unapata desibeli 3 tu, nyongeza ambayo mtu wa stendi hata hataitambua. Ili useme "sasa imekuwa mara mbili", unahitaji kama desibeli 10, yaani umeme mara 10. Spika ya simu ina ukubwa wa ukucha wa dole gumba na inabeba kama wati 1. Nani ataibebesha 10? Ndiyo maana simu nyingi za miaka ya karibuni zina amplifaya inayoichunga spika wakati wote inapolia: ikiona koili inapata moto au kiwambo kinarukaruka kupita kiasi, inapunguza yenyewe. Kiwandani walishafika ukingoni. Hakuna sauti iliyofichwa mahali inayosubiri programu ije kuifungulia mlango. Kilichopo kwako ni sauti uliyokuwa nayo, ikaibwa na uchafu, na nyingine inayopotea njiani kabla ya kukufikia.

Naacha mlango mmoja wazi. Kuna voisi au video iliyorekodiwa chini sana tangu huko ilikotoka. Hiyo vilele vyake viko mbali na dari, na kuipandisha ni halali. Kicheza video cha VLC kinaweza kupandisha sauti hadi asilimia 200, na kwa faili la namna hiyo kinafanya kazi njema. Pandisha, sikiliza, rudisha. Na kabla hujaweka programu yoyote ya "kukuza sauti", itazame inaomba ruhusa gani. Inayotaka kuona namba za watu wako, jiulize inataka kuwapigia kelele nani.

Sasa kitochi cha shemeji. Kwanza kitochi kina tumbo. Spika inahitaji chumba cha hewa nyuma yake, kwa sababu kiwambo kikienda mbele na kurudi nyuma kinaibana ile hewa. Chumba kikiwa kidogo mno, hewa inakuwa ngumu kama springi, kiwambo hakiendi mbali. Smatifoni ni nyembamba, na ndani yake betri na kamera vimeshika kila kona, spika imepewa nafasi iliyobaki. Pili, kitochi kinalia "ti-ri-ri-ri", na hiyo "ti-ri-ri-ri" ndiyo akili yenyewe. Sikio la binadamu linasikia vizuri zaidi sauti za kati ya hezi 2,000 na 5,000, yaani mitikisiko ya hewa kwa sekunde moja. Ndiko kilio cha mtoto mchanga kinakouma, na ndiko filimbi ya refa ilipo. Mlio wa kitochi unapiga palepale.

Wewe umeweka nini? Nakisia: wimbo, tena unaoanza na besi. Spika ya simu haiwezi besi. Chini ya hezi mia kadhaa inajitutumua tu, umeme unaisha, sauti haitoki. Na hata ingetoka, stendi ya mabasi imejaa ngurumo za injini, ambazo nazo ni nzito za chini. Mlio wako unaingia kwenye ugomvi na basi la kwenda Dar, na basi litashinda. Badilisha mlio leo. Kwenye orodha ya milio iliyokuja na simu tafuta wa kengele, wa filimbi, wa ndege, au ule wa simu za mezani za zamani, unaoanza kwa nguvu papo hapo bila kunyemelea. Jaribu mitatu minne ukiwa umeiacha simu kwenye meza na wewe umesimama kwenye jiko, basi likiwa limewashwa karibu. Usichague kwa uzuri. Mlio mzuri utauweka siku ukistaafu.

Hili la mlio halina gharama, na kwa maoni yangu ndilo litakalokurudishia madereva kuliko mengine yote niliyoandika hapa.

Linalofuata ni mahali simu inapokaa. Wanawake wengi wa biashara naona simu iko kwenye mfuko wa aproni au imefungwa kwenye kanga pamoja na hela. Kitambaa kinameza zile sauti kali tulizohangaika kuzipata. Wengine wanaiweka rafu ya nyuma, mbali na mvuke, nia nzuri. Lakini sehemu ya wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inashuka desibeli 6. Simu iliyo mita 4 kutoka kwako ukiileta mita 1, umepata desibeli 12, sawasawa na kuiongezea spika umeme mara 16. Programu ya kijana iliishia wapi? Itafutie mahali pa kudumu karibu na unaposimama, pasipopigwa na jua wala mvuke, maana simu yenye joto nayo hupunguza nguvu zake ili ijinusuru. Na uigeuze, vitundu vikutazame wewe. Ukiisimamisha kwenye kona, pale kuta mbili za banda zinapokutana, sauti iliyokuwa inapotelea nyuma inarudishwa mbele.

Ile habari ya kuitumbukiza simu kwenye glasi au bakuli, umeiona bila shaka. Ina ukweli nusu. Bakuli haliumbi sauti mpya, linaikusanya iliyokuwa inatawanyika na kuielekeza upande mmoja. Glasi nyembamba inaongeza mvumo wake na maneno yanakuwa kama ya mtu aliye kisimani. Kilicho bora ni kitu kinachoanza chembamba na kuishia kipana, kwa sababu kinamsaidia yule kiwambo mdogo kuisukuma hewa nyingi. Gramafoni za kwanza zilijaza sebule kwa pembe ya namna hiyo bila umeme wowote, na siwa za Lamu, yale mabaragumu ya kale, zimekuwa zikiwaita watu kwa umbo lile lile. Chukua karatasi ngumu, kalenda iliyopita inatosha, ikunje kama unavyofunga karanga za kupima, lakini kubwa, ncha uikate iingie ukingo wa chini wa simu, mdomo uelekee unakosimama. Kifuu cha nazi kilichokatwa vizuri nacho kinafaa, ukiiegemeza simu vitundu vikaangalia ndani. Sinia bapa halisaidii kwa hili, ila subiri, nitalirudia.

Kava nalo litazame. Lile la raba nene ambalo vitundu vyake havikukutana sawasawa na vya simu linaweza kukuibia kiasi cha kutosha. Cheza wimbo, vua kava, vaa, vua. Masikio yako yatakwambia. Suluhisho ni wembe na dakika mbili, ukikata kava ikiwa nje ya simu, tafadhali.

Kwa wasomaji wa iPhone ambao nao wananiuliza kila mara kwa nini simu inalia kwa nguvu halafu wakiitazama tu inanywea: haijaharibika. Zile za kufungua kwa uso zina mpangilio unaoshusha mlio zikishaona unazitazama. Unazimwa kwenye mipangilio ya Face ID. Hayo tuyaachie hapo, dada yangu hana iPhone.

Kama simu iliwahi kulowa mvua ya Tanga na sauti ikaanza kuzubaa tangu siku hiyo, usiizike kwenye mchele. Hata Apple mwaka 2024 waliwaonya watu wasifanye hivyo, chembe za mchele zinaweza kuiharibu simu. Igonge taratibu kwenye kiganja vitundu vikiwa chini, iache mahali penye upepo. Zile video za sauti nzito za "kutoa maji kwenye spika" zina msingi: saa ya Apple inafanya hivyo hivyo baada ya mtu kuogelea. Tone lililo juu ya kiwambo linaweza kurushwa. Unga uliokauka haurushwi na video yoyote.

Ukishafanya haya yote na bado ikawa inanong'ona au inakwaruza, nenda kwa fundi, lakini nenda ukijua unachotaka. Ukiwa na Samsung, piga *#0*# kabla hujaondoka nyumbani, utafunguka ukurasa wa vipimo, bonyeza cha spika usikilize. Kwa fundi sema "spika ya chini", usiseme "simu haina sauti", maana sentensi ya pili inafungua mlango wa kubadilishiwa hata kioo. Mwombe kwanza aitoe spika na kusafisha wavu kwa ndani, kisha muijaribu pamoja kabla ya kuzungumzia spika mpya. Kwenye simu nyingi spika ya chini ni kisanduku kinachojitegemea, kuitoa na kurudisha si kazi ya kuachiwa simu siku tatu. Akikupima kwa mita akasema "koili imekatika", muulize mbona bado inalia. Spika iliyokatika koili haipungui sauti, inanyamaza kabisa. Na kama simu yako ni ya zile zinazohimili maji, ujue ikishafunguliwa ile gundi ya kuzuia maji si ya kiwandani tena, mvua uiheshimu.

Spika mpya ukiinunua, isikilizeni hapo hapo dukani kwa wimbo unaoujua na kwa voisi ya binti yako. Zipo za bei ya chini zinazopiga kelele kuliko ya mwanzo lakini zimekauka, maneno hayasikiki. Kwa mlio wa simu zitafaa, kwa voisi utachoka.

Kispika cha Bluetooth kinanunulika, na kwa muziki wa bandani ni kizuri kuliko kuitesa simu. Kwa kusubiri simu za madereva sikushauri. Kinaisha chaji bila kuaga, na mlio usipotokea huko hutajua umekosa nini.

Sasa lile sinia. Washa mtetemo pamoja na mlio, kisha chukua sinia la bati, lipindue kifudifudi juu ya meza, uilaze simu juu yake. Mtetemo ambao mfukoni ulikuwa hausikiki, bati linaupokea na kuutangaza, trrrr, trrrr, na ule mgongano wa simu na bati una zile sauti kali kali tunazozitaka. Ni spika ya pili uliyokuwa nayo siku zote. Lakini chini ya simu weka hata kipande cha raba upande mmoja ili isisogee, na sinia likae mbali na jiko. Simu inayotetemeka hutembea, na mimi nimeshapokea moja iliyotembea usiku wa daku mpaka ndani ya sufuria ya chai ya maziwa.